Tippu Tip Hakugeuka

Katika kipindi chetu cha historia ya nathari ya Kiswahili, mwenzetu mmoja alisimama mbele ya darasa kuwasilisha mada juu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip. Alianza kwa kusema kwamba huyu alikuwa mfanyabiashara mashuhuri wa Unguja ambaye baadaye aligeuka kuwa mwanasiasa. Tukaandika. Mimi pia niliandika, kalamu ikaenda mpaka mwisho wa mstari, ndipo nikakwama kwenye kitenzi hicho, "aligeuka". Aligeuka kutoka nini akawa nini? Naomba mwenzangu asinichukulie vibaya, maana sentensi ile hakuibuni yeye. Imo vitabuni, na imo vichwani mwetu sote.

Dai langu ni kwamba Tippu Tip hakugeuka hata siku moja. Aliyoyafanya baada ya kupewa cheo ndiyo aliyokuwa akiyafanya kabla ya cheo, na kilichobadilika ni bendera tu iliyopepea juu ya boma. Sisi wa Juba, kuliko wanafunzi wa Kiswahili wa Dar es Salaam au Nairobi, hatuna udhuru wa kutoliona hili, kwa sababu mtu wa aina yake tulikuwa naye, na jina lake bado limo kwenye ramani yetu.

Nianze na maisha yenyewe. Alizaliwa Unguja katika miaka ya 1830. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara wa bara mwenye makazi Unyanyembe, penye Tabora ya leo. Kijana alifuata njia za baba yake, kisha akampita. Mtaji wake mkubwa aliupata kwa kukopeshwa na Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja, na alikwenda nao mbali kuliko wengi waliomtangulia. Mwaka 1867 alimshinda Nsama, mtawala wa Watabwa ambaye misafara mingine ilikuwa ikimwogopa, akatoka huko na shehena kubwa ya pembe za ndovu. Jina lake la umaarufu lilitokana na vita vya namna hiyo. Wengine husema aliitwa Tippu Tip kwa sababu ya kupepesa macho, lakini yeye mwenyewe alisema ni mlio wa bunduki zake. Mimi namwamini yeye. Ila tuangalie maana yake: huyu ni "mfanyabiashara" ambaye jina alilopewa na wateja wake ni sauti ya risasi.

Mama anayeuza bamia kavu Konyo Konyo ni mfanyabiashara. Anataja bei, wewe unapunguza, yeye anakataa, unaondoka, anakuita. Kama hutaki kununua, unakwenda zako na mkono wako na mtoto wako. Hiyo ndiyo biashara. Ni kweli kwamba Tippu Tip mara nyingi alinunua pembe kwa nguo na shanga, na ni kweli kwamba wapagazi wa Kinyamwezi walilipwa ujira. Sitaki kumsingizia. Lakini kule Manyema palikuwa na utaratibu mwingine uliozoeleka: kijiji kinavamiwa, wanawake na watoto wanakamatwa, kisha wanaume waliokimbilia msituni wanaambiwa walete pembe ili wawakomboe watu wao. Pembe ikiletwa inahesabiwa kwa frasila kama pembe nyingine yoyote, na ikifika forodhani Unguja haina doa. Lugha yetu ina maneno ya kutosha kwa kazi hiyo: kuteka, kupora, kuteka nyara. Kwa nini tunachagua neno la yule mama wa Konyo Konyo?

Sasa tuje kwenye huko kugeuka. Cheo chake cha kwanza cha utawala hakukipata kwa Wazungu. Alikipata Utetera, kwa mzee Kasongo Rushie, na habari hiyo anaisimulia mwenyewe katika kitabu chake. Alikuwa amesikia kwamba zamani wanawake wa ukoo wa mzee huyo walichukuliwa mateka na hawakuonekana tena. Akafika kwa mzee akajitambulisha kama mjukuu: mmoja wa wale waliopotea, alidai, ndiye bibi yake. Mzee akafurahi kumwona damu yake imerudi, akamkabidhi nchi. Darasani tulicheka, na kusema kweli kisa hiki kimesimuliwa kwa ucheshi. Niliporudi nyumbani nilikisoma tena na sikuweza kucheka. Mwanamke alitekwa, akapelekwa mbali, ukoo wake ukamlilia miaka na miaka. Halafu anakuja mtu ambaye msafara wake unateka wanawake, anaokota kilio hicho na kukifanya ngazi ya kupandia kitini. Kama kuna mahali katika kitabu kizima panapoonyesha kwamba siasa yake na biashara yake zilikuwa kitu kimoja, ni hapo, na ilikuwa zaidi ya miaka kumi kabla ya mkataba wa 1887 ambao vitabu vyetu vinautaja kama siku aliyogeuka.

Mkataba wenyewe unatuhusu hapa Juba kuliko tunavyodhani. Mwaka 1887 gavana wa Ekwatoria alikuwa Emin Pasha, na makao makuu ya mkoa wake yalikuwa yamekaa miaka mingi Lado, kando ya Nili, kaskazini kidogo ya hapa tunapoketi. Vita vya Mahdi vilikuwa vimemkatia njia ya Khartoum, naye akarudi kusini hadi Wadelai. Henry Morton Stanley akatumwa kwenda kumwokoa, na akaamua kupitia Kongo. Alihitaji wapagazi na alihitaji usalama njiani, na mwenye vyote viwili alikuwa Tippu Tip, ambaye tayari mwaka 1876 alikuwa amewahi kumwahidi kumsindikiza kwa dola 5,000. Mfalme Leopold wa Ubelgiji naye alikuwa na shida yake: mwaka mmoja kabla, watu wa Tippu Tip walikuwa wamewafukuza maafisa wake kutoka Stanley Falls, Kisangani ya leo. Basi Februari 1887, pale Unguja, yakatiwa saini makubaliano: Tippu Tip awe wali wa Stanley Falls kwa niaba ya Leopold, apandishe bendera ya Dola Huru ya Kongo, azuie biashara ya watumwa, na alipwe pauni 30 kwa mwezi.

Tusome tena sharti lile la watumwa. Yule aliyeishika nchi kwa bunduki ndiye aliyepewa kazi ya kuzuia bunduki hizo. Leopold hakuwa mjinga. Alijua anamwajiri nani, na alimwajiri kwa sababu hiyo hasa, mpaka hapo atakapokuwa na askari wa kutosha. Alipokuwa nao, katika vita vya 1892 hadi 1894, Nyangwe na Kasongo zikaanguka, Sefu mwana wa Tippu Tip akauawa, na pembe zile zile zikaanza kuteremka mto kwa hesabu ya mfalme. Wabelgiji walisema walipigana kuondoa utumwa. Watu wa Kongo wanajua kilichofuata. Mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kurudi Unguja kabla ya vita hivyo, akaishi humo na mashamba yake na watumwa wake, akafa mwaka 1905 kitandani.

Nimesema mtu wa aina hiyo tulikuwa naye. Huyo ni Zubeir Rahma Mansur. Alitoka kaskazini, karibu na Khartoum, akafika Bahr el Ghazal mwaka 1856 akiwa mfuasi tu wa mfanyabiashara mwingine. Miaka michache baadaye alikuwa na zariba zake, jeshi lake na njia zake. Mtaalamu wa Kijerumani Georg Schweinfurth alipomtembelea mwaka 1871 alikuta baraza kama la mfalme, na simba wamefungwa minyororo mahali pa kungojea wageni. Serikali ya Misri ikatuma kikosi chini ya mtu aitwaye Bilali ili kulirudisha eneo mikononi mwake. Zubeir akakishinda kikosi hicho na Bilali akauawa mwaka 1872. Mtu angetazamia Khedivu Ismail atume kikosi kikubwa zaidi. Alituma cheo: mwaka 1873 Zubeir akafanywa bey na gavana wa Bahr el Ghazal. Mwaka huo huo, kule Unguja, Sultani Barghash alitia saini ya kulifunga soko la watumwa. Mwaka uliofuata gavana wetu mpya aliivamia Darfur na kumuua sultani wake vitani.

Wote wawili walianza kama wafuasi wa biashara ya watu wengine. Wote wawili walipewa cheo na dola iliyoshindwa kuwaondoa. Maisha ya wote wawili yalitufikia kupitia kalamu ya Mzungu: ya Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe, kupitia Heinrich Brode, na ya Zubeir kupitia mwandishi wa kike wa Kiingereza, Flora Shaw, aliyesimuliwa naye alipokuwa amefungwa Gibraltar kati ya 1885 na 1887. Na wote wawili walijieleza kwa namna moja, kwamba walileta amani na njia salama, wakaonewa na serikali.

Mwaka 1884 ndio uliokuwa wa ajabu zaidi. Jenerali Gordon, ambaye miaka mitano nyuma afisa wake Gessi alimpiga risasi Suleiman mwana wa Zubeir, aliomba London imtume Zubeir huyo huyo akatawale Khartoum. London ilikataa, hasa kwa kelele za wapinga utumwa. Lakini ombi lenyewe linatuambia jambo: Gordon alimchukia Zubeir na bado hakuona mwingine wa kufaa kutawala. Mwenye bunduki na pesa akishaizoea nchi, hata adui yake huanza kumwona kama ndiye serikali.

Nazijua hoja tatu zitakazoletwa, maana nimezisikia zote chini ya mti ule ule tunaonywea chai.

Ya kwanza ni kwamba kila mtu ahukumiwe kwa wakati wake. Sawa, tumhukumu kwa wakati wake. Wakati wake ulikuwa na mkataba wa Barghash wa 1873. Ulikuwa na karatasi ya 1887 yenye sharti la kuzuia watumwa na saini yake yeye chini. Ulikuwa na maelfu ya watoro waliohatarisha maisha yao kukimbia, nao pia walikuwa watu wa wakati ule, na maoni yao juu ya utumwa yalikuwa wazi kabisa. Tunaposema "wakati wake" huwa tunamaanisha wenye bunduki wa wakati wake. Aliyefungwa kongwa shingoni hatumhesabu kuwa alikuwa na wakati.

Ya pili ni kwamba alieneza Kiswahili. Hii inanigusa, kwa sababu ninakipenda Kiswahili. Ni kweli kwamba misafara ya Manyema ilichangia sana kukifikisha Kiswahili Kongo ya mashariki, na kwamba leo mtu anaweza kutoka Kasongo hadi Kisangani akiongea lugha tunayojifunza hapa. Lakini nani alikieneza? Bwana mmoja hawezi kuifundisha nchi lugha. Walioieneza ni wapagazi, wapishi, wake waliochukuliwa kwa nguvu, watoto waliokulia kambini, watu wa makabila kumi waliolazimika kuelewana jioni moja motoni. Hata hapa kwetu ni hivyo. Kiswahili hakikuletwa Juba na mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tulioutia saini mwaka 2016. Kilikuwa kimeshafika na madereva wa malori wanaopita Nimule, na watoto waliokulia Kakuma wakarudi na mama zao. Anayetaka kuishukuru lugha hii kwa kufika kwake amshukuru mama aliyejifunza kuomba maji kwa Kiswahili kwenye foleni ya bomba.

Ya tatu ni nzito, na inatoka upande wa pili. Wako wenzetu wa idara nyingine wanaosema: mnaona? Kiswahili ni lugha ya wauza watu kama Kiarabu cha Khartoum, tumetoka kwa bwana mmoja tunakwenda kwa mwingine. Nawajibu hivi. Lugha haimilikiwi na mtu aliyeitumia vibaya, la sivyo tusingebaki na lugha hata moja, na Kiingereza kingekuwa cha kwanza kutupwa. Tena kosa hili halikuwa la Waarabu peke yao. Gondokoro iko ng'ambo ya mto kutoka hapa. Waliofanya biashara ya pembe na watu katika eneo hili miaka ya 1850 walikuwa pamoja na Andrea Debono wa Malta na Alphonse de Malzac wa Ufaransa. Bendera zao zilikuwa za Kikristo. Na palikuwa na machifu wetu waliouza jirani. Lakini nawakubalia jambo moja wenzetu hao: kama sisi wa Kiswahili tutaendelea kumsifu Tippu Tip katika insha zetu kama mfanyabiashara mashuhuri, basi tunawapa haki ya kutushuku.

Kuna anayeuliza, haya ya mwaka 1887 yanatuhusu nini leo? Yanatuhusu kwa sababu sentensi ile bado inatumika. Tunasikia mjini mtu akisifiwa kwamba anafaa kuongoza kwa sababu alikuwa mfanyabiashara mkubwa kabla ya kuingia siasa. Hatuulizi alikuwa akiuza nini, kwa nani, na nani alimlindia njia. Mwaka 2012 Rais wetu aliwaandikia maafisa 75, waliokuwepo kazini na wa zamani, akiwataka warudishe fedha za umma zilizokadiriwa kuwa dola bilioni 4. Sina orodha ya majina na siitafuti. Ninachosema ni kwamba nchi iliyokwisha kumwona Zubeir akipewa ugavana kwa sababu alishinda kikosi cha serikali inapaswa kuwa ya mwisho kudhani kwamba cheo humgeuza mtu.

Kuna mji kule Bahr el Ghazal Magharibi unaoitwa Deim Zubeir, yaani kambi ya Zubeir. Watu wa huko wana jina lao wenyewe, Uyujuku, na wapo waliokwisha kupinga hilo la kambi. Mwaka 2017 mahali hapo paliingizwa katika orodha ya awali ya UNESCO kama kituo cha njia ya watumwa, nami naunga mkono. Mitaro na mabaki yatunzwe, vijana wapelekwe waone. Ila mtoto anayezaliwa huko leo kwa nini aandikwe kwenye cheti kwamba amezaliwa katika kambi ya aliyewauza mababu zake? Ukumbusho ubaki, na mji upewe jina lake. Hapa Juba tumeweza: redio ya Kanisa Katoliki inaitwa Bakhita, jina la binti wa Darfur aliyetekwa akiwa mtoto miaka michache baada ya Zubeir kuivunja nchi yao. Kila asubuhi mjini jina linalotajwa hewani ni la aliyeuzwa.

Sisemi kitabu cha Tippu Tip kitolewe kwenye mtaala. Nitasikitika kikitolewa. Kilichapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903, ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa katika lugha yetu, na Kiswahili chake ni kitamu. Msimulizi ana haraka, ana kiburi, ana masikio. Anajua lini aseme na lini anyamaze, na sisi wanafunzi wa fasihi tunapaswa kujifunza hasa pale anaponyamaza. Ninachotaka ni kwamba kisisomwe peke yake.

Yuko mtu wa kukaa naye mezani. Hatashil Masha Kathish alikuwa kijana wa Kijieng'i, Mdinka wa Bahr el Ghazal. Alitekwa, akauzwa, akapata uhuru wakati wa vita vya Gessi dhidi ya watu wa Zubeir mwaka 1879, akachukuliwa na wamisionari hadi Uingereza, akabatizwa kwa jina la Salim Wilson, akaishi huko mpaka kufa kwake mwaka 1946. Naye pia aliandika maisha yake, kwa Kiingereza, katika kitabu alichokiita I Was a Slave. Hayo ni maisha ya mtu wa kwetu, yaliyoandikwa na mtu aliyekuwa upande wa pili wa frasila. Darasa letu lina wanafunzi wanaojua Kiingereza, Kijieng'i na Kiswahili pamoja, jambo ambalo madarasa mengi ya Kiswahili Afrika Mashariki hayana.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kwa walimu wangu. Muhula ujao kitabu cha Salim Wilson kiwekwe kando ya kile cha Tippu Tip, sura kwa sura. Na kazi yetu ya tafsiri ya mwaka wa mwisho, badala ya zile makala za magazeti tunazopewa kila mwaka, iwe kitabu hicho, tukigawane. Mimi nimekwisha kuanza ukurasa wa kwanza. Nimekwama kwenye kichwa chenyewe, kwa sababu "Nilikuwa Mtumwa" inasikika kama kwamba hiyo ilikuwa kazi yake, na wenzangu wawili wanapendelea "Nilitiwa Utumwani". Tunakutana Alhamisi mchana baada ya kipindi cha sarufi. Mwenzetu aliyewasilisha mada ya Tippu Tip amesema atakuja.